Siku Tulipozifunga Mashini za Kufuma

Nilirudi Kalemie kwa mazishi ya shangazi yangu, na asubuhi ya pili nikamwomba kijana wa pikipiki anipeleke kiwandani. Akaniuliza kiwanda gani. Swali hilo lilinishangaza, maana katika utoto wangu hakuna mtu mzima wa akili angeuliza hivyo. Kiwanda kilikuwa kimoja, kile cha nguo, na mji mzima uliamka, ukala na kupumzika kwa king'ora chake. Nikamwonyesha njia kwa kidole mpaka tukafika.

Paa la jumba la kufumia limeng'olewa lote. Ndani, juu ya sakafu ya saruji, akina mama wameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, na katikati ya ndagala zimechomoza bolti zenye kutu, nne nne, safu baada ya safu, mpaka ukutani. Mama mmoja akaniomba nisogee, kwani nilikuwa namzibia jua. Nikasogea. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimesimama pale Papa, baba yangu, aliposimama miaka kumi na tisa.

Kama ulikulia katika kambi ya wafanyakazi, iwe ya reli au ya mgodi, utanielewa bila shida. Ilikuwa enzi za Zaire. Nyumba zetu zilikuwa za matofali, zote sura moja, na bomba moja la maji kwa kila nyumba nane, ambapo ugomvi wote wa kambi ulizaliwa na kuzikwa. Pamba ilikuja kwa treni kutoka pande za Nyunzu na Kabalo, ikiwa imeshindiliwa kwenye marobota, ikatoka kwetu ikiwa nguo: mashuka, vitambaa vya sare za shule, na ile ya buluu nzito ya salopeti, ovaroli za kazi. Papa alikuwa mfumaji. Jioni alirudi na vumbi la pamba kwenye nyusi na masikioni, na Mama alimsubiri mlangoni na kitana. Hakuruhusiwa kuugusa bukari, ugali wetu, kabla hajachanwa. Watoto wa upande wa reli walituita watoto wa pamba, wakidhani wanatutukana.

Wafumaji walikuwa na masikio mabovu, wote, kwa sababu ya kelele za mashini. Papa akinong'ona kanisani, padri alimsikia kule altareni, na Mama alitamani ardhi immeze. Lakini walikuwa wamejifunza kusoma midomo. Sisi watoto hatukuweza kumsengenya mtu uani Papa akiwa amekaa barazani, hata kama tuliteta kwa sauti ya chini namna gani. Aliona tu midomo ikicheza, akatuita kwa majina.

Kulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila kitambaa kilichotoka kiwandani kwetu kilikuwa na alama pembeni, kwenye pindo: nyuzi mbili za manjano na moja ya buluu, zimefumwa humo humo. Mgeni akifika kambini, kabla hajapewa hata maji, mama mwenye nyumba alimgeuza ncha ya kikwembe, yaani kitenge, au ya shati kwa vidole viwili akaangalia. Akiziona zile nyuzi, alisema, "Njo ya kwetu," yaani ndiyo nguo yetu, na mgeni akakaribishwa kama ndugu. Mama alifanya hivyo hata sokoni Moba, kwa watu asiowajua, mpaka siku moja mwanamke mmoja akampiga kofi mkononi. Tulicheka njia nzima ya kurudi, naye Mama akicheka zaidi yetu.

Papa alikuwa na mashini zake nne, lakini moja ndiyo iliyokuwa yake hasa. Ilikuwa imemkata ncha ya kidole cha shahada mwaka wa kwanza wa kazi, na tangu hapo wakaheshimiana. Alijua inapotaka mafuta, alijua inavyonuna siku za mvua. Mama alisema ameolewa pamoja na mke mwenza wa chuma, tena yule wa chuma ndiye anayependwa.

Basi ikaja siku kapita wao, yule msimamizi wa jumba la kufumia, alipowakusanya wafanyakazi na kuwaeleza maneno ya wakubwa. Mashini zimezeeka. Zitapelekwa ng'ambo kufanyiwa matengenezo makubwa, na zikirudi zitakuja na nyingine mpya juu yake. Zitakuwa zimefika mvua zikiisha. Mafundi bora ndio watakaozifungua na kuzipakia, kwa sababu hakuna anayezijua kuwazidi wao. Papa aliitwa kati ya hao. Siku hiyo tulikula kuku, na haikuwa sikukuu.

Walifanya kazi ile kwa siku nyingi. Kila kipande kilipakwa grisi, kikaandikwa namba kwa rangi nyeupe, kikawekwa kwenye kasha la mbao. Vipande vidogo vilihitaji kufungwa visigongane njiani, na matambara ya kiwanda hayakutosha. Papa akamwomba Mama vikwembe vya zamani. Mama alitoa kile alichonibebea mgongoni nilipokuwa mchanga. Wanawake wote wa kambi walitoa vyao, bila kuombwa mara mbili, na nakumbuka walivyokaa barazani wakichana vitambaa na kuimba.

Kisha wakapata wazo la barua. Sijui lilianzia kwa nani. Walisema mafundi wa ng'ambo hawajui tabia za mashini hizi, wanaweza kuziharibu kwa kutojua, kwa hiyo kila mfumaji aweke karatasi ndani ya kasha la mashini yake. Papa hakujua kusoma wala kuandika Kifaransa. Mimi nilikuwa darasa la tano kwa masista, na mwandiko wangu ulisifiwa. Alikaa kwenye kigoda, akaniambia kwa Kiswahili, nami nikaandika kwa Kifaransa changu cha kitoto. Mashini hii isiwashwe kwa haraka asubuhi, ipewe muda wa kupata moto. Kwenye hewa ya unyevu, uzi ulegezwe kidogo. Upande wa kushoto chini kuna meno yanayouma, mtu asiweke mkono hapo hata kama imesimama. Niliandika kurasa tatu. Neno moja lilinishinda, nikaenda kumwuliza mwalimu wetu, ambaye alikaa nyumba ya mwisho ya kambi.

Mwalimu alisoma kurasa zote tatu. Aliuliza barua inakwenda kwa nani, nikamweleza. Akanipa neno nililotafuta, halafu akanirudisha nyumbani kwa mguu wake mwenyewe, akamkuta Papa ananawa.

"Papa," alimwambia, "muntu akipeleka kinga kwa fundi, anamuandikia namna ya kuipanda?"

Papa alielewa vizuri. Kwetu kinga ni baiskeli, na hata mimi nilielewa: anayeandikiwa namna ya kuiendesha mashini ni yule atakayebaki nayo. Lakini alikasirika, akamwambia Mwalimu kwamba watu wa chaki wanaona wivu watu wa kazi wakiendelea mbele. Hakumsalimia kwa wiki nzima. Barua akaiweka kwenye kasha kwa mkono wake, chini ya kikwembe changu.

Siku ya kupakia tulivaa nguo za Jumapili. Kambi yote ilishuka bandarini, kwa sababu makasha yalikuwa yanavuka ziwa mpaka Kigoma, halafu kwa treni mpaka baharini. Papa alikimbia huku na huku akiwapigia kelele watu wa winchi waende polepole. Meli ilipong'oa nanga akina mama walipiga vigelegele, na sisi watoto tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Nataka niliseme hili bila kuficha: tulipiga makofi. Hakuna aliyetulazimisha, na mimi nilikuwa mstari wa mbele.

Mvua zikaisha. Zikaja nyingine. Wakubwa wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja kwa safari ya siku chache. Kapita akahamia Lubumbashi kwa kaka yake. King'ora kikanyamaza siku moja ya katikati ya wiki, na wapishi wote wa kambi wakachelewesha chakula.

Papa hakuacha kwenda. Kila asubuhi alivaa salopeti, akachukua kopo la mafuta na ufagio, akaenda kwenye jumba tupu. Alifagia sakafu. Alipaka mafuta zile bolti zilizobaki, ili mashini zikirudi zikae vizuri mahali pake. Saa sita alirudi, akala, akaenda tena. Mama hakuwa na kitana cha kumsubiri nacho, maana hakukuwa na vumbi la pamba la kuchana.

Jirani yetu mmoja aliyekuwa na ndugu kwenye bohari ya reli alikuja kumwambia kuna nafasi. Papa alimshukuru sana, akamkatalia.

"Zikirudia na mi niko ku reli," alisema, "nani atazipokea?"

Mama akasimama mwenyewe. Alinunua ndagala kwa wavuvi, akapanda nazo treni mpaka Kabalo, akarudi na unga wa mihogo na mahindi. Alikuwa hayupo siku nne, tano, wakati mwingine wiki, kwa sababu treni yetu ilikwenda ilipojisikia. Mimi nilipika sombe, yaani kisamvu, na kuwaogesha wadogo zangu. Nilimwona Papa akitoka na ufagio wake, nami nikamwonea aibu. Siku moja rafiki zangu waliniuliza baba yangu anafanya kazi gani siku hizi, nikasema yuko safarini. Alikuwa mita mia kutoka pale, na alikuwa anatutazama. Sijui kama aliona midomo yangu. Jambo hilo limenisumbua kuliko njaa yoyote ya wakati ule.

Ukafika mwanzo wa mwaka wa shule. Sare zetu zilikuwa zimechakaa hata hazishoneki tena, na Mama akanunua kitambaa kipya kwa wachuuzi waliotoka Kigoma. Alikiweka mezani mchana, akaanza kukipima kwa mkono wake. Papa aliingia, akanawa, akakaa. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye pindo, akaligeuza. Zilikuwa pale, nyuzi mbili za manjano na moja ya buluu.

Alifurahi. Kwa kitambo kidogo uso wake ulifunguka kama zamani, akamwuliza Mama amekipata wapi kitambaa hiki cha akiba ya zamani. Mama alikunjua ncha nyingine ya kitambaa, penye muhuri wa maandishi, akanitazama mimi. Nikasoma kwa sauti. Jina la kiwanda lilikuwa lile lile letu. Chini yake palikuwa na jina la nchi ya Asia ambayo nilikuwa nimeiona kwenye ramani ya darasani tu.

"Soko muzima iko nayo," Mama alisema taratibu. "Tangu mwezi wa saba. Nilikosa namna ya kukuambia."

Papa alikivuta kitambaa chote mpaka mapajani. Alikipitisha kati ya vidole vyake, pima baada ya pima, akitafuta kosa. Alitafuta kwa muda mrefu, mpaka wadogo zangu wakachoka kusimama.

"Kimefumwa muzuri," alisema mwishoni. Halafu akasema, "Walisoma barua yako."

Hakunilaumu. Aliyasema maneno yale kwa upole, nadhani hata kwa fahari kidogo, kama mtu aliyesikia habari za mtoto wake wa mbali kwamba ni mzima. Mimi nilitoka uani nikalia. Nililia kwa hasira juu ya watu wasiojulikana, ambao nyuso zao sijawahi kuziona, na kwa hasira juu ya mwandiko wangu mzuri. Leo mimi ni mtu mzima na najua kwamba makasha yangeondoka hata bila barua. Kule ng'ambo pia kuna baba fulani aliyepata kazi, mwenye watoto wanaosubiri chakula, na Papa alimwonya asiumie kidole. Najua yote hayo. Bado sijaweza kucheka nikikumbuka.

Jumatatu iliyofuata Papa hakwenda kwenye jumba. Alivaa shati la kawaida, akamfuata yule jirani mpaka bohari ya reli. Nafasi ya kwanza ilikuwa imekwisha kujazwa, lakini walihitaji watu wa kubeba mizigo, wakamwandika. Alirudi jioni mabega yamevimba. Mama alikuwa ameshaepua bukari, na samaki wetu wa mikebuka walikuwa tayari kwenye sahani.

Papa akatoa mfukoni karte ya kazi, kadi mpya kabisa ya Kifaransa, akaniwekea mezani. Alikuwa na haya kidogo. Akaniuliza wameandika nini pale kwenye mstari wa kazi.

Niliiona mara moja. Nikamtazama Mama, Mama akatazama chini. Nikavuta pumzi, nikasoma, "Mufumaji."

Papa alinyoosha mkono, akaugusa mkono wangu uliokuwa umeshika karte.

"Asante, mwanangu," alisema. "Sasa soma vile iliandikwa."

Watu wa kambi yetu, wale wachache ambao bado tunatafutana, wana tarehe zao mbalimbali. Wengine husema kiwanda kilikufa siku meli ilipoondoka na makasha, wengine siku king'ora kiliponyamaza, na wapo wanaosema ni siku watu walipopanda juu ya paa kung'oa mabati. Mimi sibishani nao. Najua kilikufa jioni ile, mezani kwetu, chakula kikiwa bado cha moto, niliposoma kwa mara ya pili na Papa akatikisa kichwa kukubali. Kwa Kiswahili chetu neno lilikuwa "kibarua," na sauti iliyolitamka ilikuwa yangu.