Klachi Iliyousingizia Mguu

Jumapili, nikiwa nafunga kamba za viatu niende misa, jirani yangu wa hapa kwetu mlimani Rebero alinipigia simu kuniambia kwamba mama yake hakuamka. Nyinyi wasomaji wangu wa siku nyingi mlishakutana na mama huyo katika safu hii, ingawa sikumtaja jina na leo pia sitamtaja. Ni yule muuguzi mstaafu aliyekulia Bujumbura, akarudi nyumbani na watoto wadogo, akafanya kazi wodini hadi alipostaafu. Halafu, wenzake waliponunua ng'ombe, yeye akanunua gari dogo jekundu la michezo, lililotumika Ulaya, la viti viwili na gia za mkono. Mtaani kwetu wapo waliomjua kwa gari hilo kuliko kwa sindano alizowadunga. Nami nataka nimkumbuke kwa gari hilo, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kidude kidogo kilichokaribia kumnyang'anya ufunguo.

Mama huyu aliendesha magari ya gia maisha yake yote, zikiwemo pikapu za zahanati kwenye barabara za matope. Lakini hili jekundu lilimwaibisha tangu wiki za mwanzo. Akitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, injini ilinguruma bila gari kuongeza mwendo, kisha likaruka mbele ghafla. Akiondoka kwenye mlima, lilirudi nyuma kidogo kabla ya kushika. Siku moja, nikiwa nimeketi kando yake, tuliruka hivyo mbele ya dereva wa pikipiki aliyekuwa akisubiri abiria. Akapiga kelele: "Mukecuru, farasi iko nakurusha!" Mukecuru ni bibi kizee kwa Kinyarwanda, na yeye hakulipenda neno hilo hata chembe. Akateremsha kioo. "Wewe chunga mbuzi wako, mtoto wangu! Farasi niachie mwenyewe." Tulicheka wote watatu, lakini kioo kilipopanda aliendesha kwa gia ya kwanza hadi nyumbani, asibadili tena.

Nilijua sababu. Nyumbani mjadala ulikuwa umeshaanza. "Mama, mguu umechoka," mwanawe, huyo jirani aliyenipigia simu, alimwambia mbele yangu, kwa upole kabisa. "Tuuze hili, tukuchukulie la otomatiki." Mama akajibu: "Mguu huu umezunguka wodi wewe hujazaliwa." Mtoto akasema: "Ndiyo maana umechoka, Mama." Gari lile ndilo lililompeleka kwa dada yake Busanza na kwa wagonjwa wake wa zamani, saa aliyotaka yeye. Bila usukani angekuwa mtu wa kusubiri kupelekwa. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye, aliyesoma miili ya watu miaka yote, sasa alikuwa akisomewa wake, naye hana hakika kama wanakosea.

Jumamosi moja alinipa ufunguo. "Endesha wewe, mdogo wangu, mimi nitazame." Mimi ni dereva mwoga. Klachi naiachia polepole kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Tulipanda mlima, tukageuka, tukapanda tena, na gari halikuruka hata mara moja. Nilianza kujisikia bingwa, kisha nikaogopa, kwa maana ilionekana nimempa mwanawe ushahidi aliokuwa akiutafuta. Kumbe mama anacheka. "Umeona? Wewe una mguu mzito, gari linakupenda. Mimi nina mguu mwepesi, linanichukia. Kama mguu wangu ungekuwa umezeeka, si ningeendesha vizuri kama wewe?" Sikujua kama nimesifiwa au nimetukanwa. Akaendelea: "Hapo katikati kuna kitu kinabana, kama kile kigurudumu cha dripu. Hata ukiinua chupa kwa haraka namna gani, maji yanapita kwa kiasi kile kile."

Kwa ambao hamjawahi kukanyaga klachi, ngoja nieleze taratibu. Si jambo gumu. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini na gia. Ukikanyaga pedali, unavitenganisha ili ubadili gia. Ukiachia, vinashikana tena. Katika magari mengi kinachopeleka ujumbe wa mguu ni mafuta yaliyo ndani ya mrija. Baadhi ya viwanda huweka kwenye mrija huo vali ndogo ya kuchelewesha: ukikanyaga, mafuta hupita bila kizuizi, lakini ukiachia, hurudi kupitia tundu jembamba. Kwa hiyo mguu ukishainuka, klachi bado iko njiani. Dereva wa polepole kama mimi haoni kitu. Dereva mwepesi huiongezea injini mwendo akidhani klachi imeshika, kumbe bado. Injini inanguruma bure, kisha klachi inashika na gari linaruka. Kiwanda hakikufanya uhuni. Kiliogopa madereva wanaoachia pedali kwa kishindo na kuvunja gia, kikaamua kuwalinda wote kwa kipimo cha yule mbaya.

Fundi wetu wa Kicukiro alifungua mrija akaikuta. "Hii si ugonjwa, mama, iko ya kiwanda," alisema. "Nikitoa, kosa lako lote litaenda kwa gia." Mama akamjibu: "Toa. Kosa likiwa langu, nitalijua." Siku hiyo tulipanda Rebero kama maji yanayomiminwa, na dereva yule wa pikipiki, alipotuona, alitupigia saluti.

Nimelifikiria sana neno lile la mama kuhusu kosa lake. Kinga si mbaya. Yeye mwenyewe aliwabana wauguzi wapya hadi walipoiva, na waliompitia wanamshukuru. Lakini aliwaambia kwamba wamebanwa, na kwa nini. Tatizo la vali ile ni kwamba ilikuwepo kimya. Mtu asiyejua kwamba amecheleweshwa hujiona mzembe. Katika kazi zetu, na majumbani kwetu pia, wako wengi tunaowachelewesha kwa nia njema, kisha tunawaambia miguu yao imechoka. Na mji wetu unavyohamia magari yasiyo na klachi kabisa, kudhaniwa vibaya namna hiyo hakutakwisha, kutahamia mahali pengine.

Ila hadithi haiishii kwenye ushindi. Msimu wa mvua uliopita, tukipanda mlima ule ule, gari liliruka. Akarudia, likaruka tena. Alisogea kando, akazima injini, akauminya mguu wake wa kushoto kwa vidole vya kiuguzi, kuanzia goti hadi kifundo. "Leo ni mimi," alisema. "Mguu unaiachia pedali kabla sijauambia." Jioni mwanawe alipopita kumsalimu, alimwekea ufunguo kiganjani. Niliwahi kudhani angefurahi. Badala yake alibaki ameushika kama kitu cha moto. "Mama, pengine ni ile vali. Tumwite fundi aangalie." Mama akampigapiga bega. "Vali tulishaitoa, baba. Hakuna tena wa kumsingizia."

Hakuwa na huzuni wakati akisema hivyo; nilikuwapo. Baada ya hapo alikwenda Busanza kwenye kiti cha abiria, akimfokea mwanawe aachie klachi vizuri. Walipotaka kumnyang'anya ufunguo kwa kosa lisilo lake, alipigana. Kosa lilipokuwa lake, aliutoa mwenyewe, bila kuombwa. Tukitaka wazee wetu watuambie ukweli wa miili yao, au mtu yeyote atuambie ukweli wa udhaifu wake, kwanza tumwondolee lawama zisizo zake. Zilizobaki atazibeba mwenyewe, na pengine ataziweka kiganjani mwetu kwa upole kuliko tulivyostahili.