Chupa ya Divai Hadi Uriri

Sababu ya safari ilikuwa Mwita, mwalimu mwenzangu. Alikuwa amepata uhamisho wa kurudi kwao Ntimaru. Rosa, aliyefundisha nasi shule moja kabla hajageukia biashara ya nafaka, alituma habari kwamba angetupikia kwake Uriri kabla hatujatawanyika. Mimi nilikuwa na chupa ya divai nyeupe niliyopewa harusini Kisumu, na nilikuwa nimechoka kuitazama kabatini.

Jumamosi asubuhi, Homa Bay, nilinunua samaki wawili wakubwa aina ya ngege ufuoni, nikapata nafasi mbele kwenye lori la samaki. Dereva aliiona chupa ndani ya leso, akauliza kama nampelekea padri. Nilimwambia ni ya chakula cha jioni. Hadi Rongo alikuwa akiitupia jicho, na nadhani hakuniamini.

Uriri nilifika mchana. Rosa aliwapokea samaki kwa kelele za furaha, chupa akaipokea kimya, kwa mikono miwili. Friji hakuwa nayo, kwa hiyo aliitumbukiza kwenye mtungi wa maji ipoe. Mumewe alikuwa kwa mke mkubwa wikendi hiyo. Mwita alikuja na unga wa wimbi, akidai kwamba Mkuria akila ugali mweupe huamka na njaa. Madai hayo tumeyazoea.

Jua lilipopungua tuliketi mezani. Samaki walikuwa wamekaangwa kisha wakachemshwa kwa nyanya na maziwa, na kando kulikuwa na mboga ya mnavu. Kizibuo hatukuwa nacho, basi Mwita alikisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko. Nilimimina bilauri ya kwanza nikampa mpishi. Hakuipokea.

"Mimi sikomuniki," alisema. "Mnajua, kanisa halinipi komunyo tangu niolewe mke wa pili."

Mwita alicheka, kisha akaacha. Divai pekee aliyowahi kuionja Rosa ni ile ya misa, ambayo padri alichovyea hostia, nayo ilikuwa na rangi hiyohiyo. Kumbe tangu mchana alijua kwamba angetupikia kisha akae atutazame tukinywa, na bado alipika kwa moyo wote. Hilo liliniuma.

Nilimweleza kwamba ni ya dukani, hakuna padri aliyeibariki. Aliuliza kama nina hakika. Mwita akamwambia kwamba kama ingekuwa ya misa hata yeye asingeigusa, maana hajabatizwa popote.

Rosa alionja, akakunja uso, akasema ni chachu. Alikula kipande cha samaki, akaonja tena. Baadaye ni yeye aliyeuliza kama imebaki, na tulicheka hadi sahani zikapoa.

Jumapili asubuhi alinisindikiza barabarani. Watu waliovaa vizuri walikuwa wakipita kwenda misa, wakitusalimu. Mimi niliondoka nyumbani nikidhani nabeba kinywaji cha kuteremshia samaki. Nilirudi nikijua kwamba mtu anaweza kukaa miaka ndani ya nyumba ya watu wengi akisubiri kukaribishwa. Nilimuuliza kama bado huenda kanisani.

"Naenda, nyar Homa Bay. Misa ya pili," alisema, akiniita binti wa Homa Bay kwa Kijaluo. "Watu wakipanga laini ya komunyo, mimi hubaki kwa benchi na watoto. Lakini jana mliniwekea mimi wa kwanza."