Mto Aliouvuka Twan

Drika alikuwa jirani yangu hapa kijijini kwetu, mkoani Brabant. Alikuwa mjane, akipika chakula katika nyumba ya wazee, na hakuwahi kulala nje ya Uholanzi mpaka mwanawe alipopotea.

Mwana huyo, Twan, ndiye aliyekuwa na miguu isiyotulia. Akipata likizo tu, hujitwika mkoba mgongoni akaenda kutembea nchi za watu, milima kwa mabonde, akilala hemani. Lakini kila Agosti alirudi kwa ajili ya kermis, sherehe yetu ya kijiji. Hakuna asiyerudi. Bembea za umeme huzunguka mbele ya kanisa, maandazi ya moto hunyunyiziwa sukari, na chama cha walenga shabaha huandamana kwenda kumpiga risasi ndege wa mbao aliye juu ya mlingoti. Twan alikuwa mpiga ngoma wao. Mkuu wa chama alikuwa mjomba wake, Nol, kaka yake Drika.

Mwaka ule Twan alikuwa milimani Kirgizia. Nol alimpigia simu kutoka jikoni kwa Drika, spika ikiwa wazi tusikie sote, nami nipo pale nakunywa kahawa.

"We mtoro, uko wapi?"

"Mlimani, Mjomba. Kondoo wamenizunguka kila upande."

"Basi umefika kwa wenzio! Sasa sikia. Jumapili ya kermis usipokuwepo, ngoma nampa mtoto wa mwoka mikate."

"Yule? Yule hata makofi hajui kupiga!"

"Ndiyo maana nakwambia uwahi."

Tulicheka sote, Drika akicheka kutuzidi. Hatukuisikia tena sauti ya Twan.

Mkoba wake uliokotwa kando ya mto. Mwenyewe hakupatikana. Wazee wa chama walikuja kumwambia Drika kwamba mwaka huo hakuna sherehe. Akakataa. "Andamaneni," alisema. "Mkikaa ndani kwa ajili yake atawacheka." Wakaandamana, na ngoma ikabebwa bila kupigwa.

Kiangazi kilichofuata Drika aligonga mlango wangu. "Mien, wewe Kiingereza unakijua. Nisindikize."

Tulipanda ile milima na binti mmoja mwenyeji, Meerim, akituongoza. Drika aliubeba mwenyewe mkoba wa mwanawe. Nilipotaka kumpokea alinitolea macho. Magoti yalimvimba, akayafunga vitambaa, akaendelea.

Kwenye malisho ya juu tulimkuta mama mfugaji, Burulkan. Aliposikia sisi ni nani, alimshika Drika mikono yote miwili, akaanza kusema. Meerim akatafsiri, nami nikamfikishia Drika.

"Nilimwambia alale. Jua likiyeyusha theluji, jioni mto hufura. Asubuhi hupungua. Akacheka, akachukua vijiti akapiga sufuria yangu, akasema kwao kuna sherehe, ana ngoma ya kupiga, mjomba wake anamngoja. Nikampa mkate. Akaenda."

Drika aliitikia kwa kichwa tu, akanywa chai yake yote ili asimvunjie heshima mwenyeji.

Asubuhi tuliteremka mtoni. Maji yalikuwa meupe, mepesi, hayafiki hata magotini. Drika aliyatazama muda mrefu.

"Angelala tu," alisema. "Mien, angelala tu." Hapo ndipo alipolia.

Nol alitupokea kituo cha treni. Alikuwa amekonda, kola imemlegea shingoni. Hata mizigo hakuigusa.

"Dada, wamesema nini? Kwa nini alivuka?"

Niliinamisha macho. Drika akamtengeneza kaka yake kola.

"Hakuna aliyemwona, kaka. Maji yalimchukua tu."

"Hakuna? Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Nol alishusha pumzi, akamkumbatia palepale watu wakipita. Kermis ya mwaka huo alipiga ngoma yeye mwenyewe, vibaya, machozi yakimtoka, na Drika akatembea kando yake mpaka kwenye mlingoti.

Nol alifariki miaka kadhaa baadaye, kwa ugonjwa wa moyo. Tulipotoka makaburini nilimwuliza Drika kama lile neno alilomficha kaka yake halikumlemea miaka yote hiyo.

"Limenilemea," alisema. "Kuna siku nilitaka kumrushia usoni. Lakini na mimi nilicheka siku ile ya simu, Mien. Na kaka nilikuwa naye mmoja tu."

Akanishika mkono, maana njia ilikuwa na barafu, tukaenda nyumbani.