Mama Kornel Hakukunja Uso

"Yule mama amejikinga," Gladness aliniambia tukikata majani ya ng'ombe mpakani mwa kihamba chake na changu, chini ya migomba. "Mtu mwenye ulimi wake anywe kitu kile asikunje hata uso? Mwambie mumeo, baba Jovin, atafute pengine pa kunywa."

Alikuwa anamsema Mama Kornel, mpika pombe ya mbege, ambaye kilabu chake kiko chini ya nyumba yetu, ng'ambo ya mfereji.

Hapa Kilema mbege haigawiwi hivi hivi. Mpishi huchota kata, akanywa yeye kwanza mbele ya watu, akasema imekaaje, ndipo ampe mteja. Maana yake sijakutilia kitu. Jumamosi ile Mama Kornel alichota, akameza funda kubwa, akasema, "Imekaa vizuri, karibuni." Mzee Filemon akapokea, akaitema yote juu ya viatu vya mume wangu. Gome la msesewe, lile la kutia uchungu, lilikuwa limezidi, mbege imekuwa kama nyongo. Lakini watu hawakuuliza habari za gome. Waliuliza yeye amemezaje. Wakajijibu wenyewe kwamba anayetaka kukulisha sumu hunywa dawa ya kuizuia kwanza, nyumbani.

Jina lake ni Flavia. Aliolewa hapa akitokea Rombo, na mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kuchemsha ndizi na kuotesha ulezi. Mume alifariki watoto wakiwa wadogo, kahawa nayo ikawa haina bei, basi akaishi kwa mbege. Ndiyo iliyomsomesha Kornel mpaka akapata kazi mjini Moshi. Miaka ile bia ya chupa ilikuwa ya kujuana na mwenye duka, kwa hiyo mwalimu mkuu na katekista walibanana kwenye benchi moja pale kwake. Biashara zilipofunguliwa, mtu mmoja aitwaye Primus akajenga baa ya matofali njia panda, akaleta friji ya mafuta ya taa na redio kubwa. Vijana wakahamia huko. Wazee walibaki. Baada ya Jumamosi ile wazee nao wakaanza kupanda njia panda, huku wakinung'unika kuwa bia ya baridi inawauma meno.

Na mimi nilimwogopa, sitaficha. Akimnyooshea Jovin mikono, nilimhamishia mtoto mgongoni nikasema ana homa. Nikichota maji mferejini nilimwangalia kwa jicho la pembeni: anachoma nini, anafukia nini, nani anaingia kwake.

Jana aliniita. Kukataa nilishindwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Jovin. Kaa basi, au leo pia mtoto ana homa?"

Nilikaa, Jovin nimembana kifuani. Yeye akaendelea kupepeta ulezi, akinieleza habari za Kornel. Nikaanza kusikia harufu ya kuungua kutoka jikoni, nyuma ya ukuta. Ikawa kali mpaka Jovin akapiga chafya. Mama Kornel anapepeta tu, anaongea.

"Mama, maharage yanaungua."

Aliruka kama aliyepigwa. Alirudi na sufuria, chini kumekuwa mkaa. Akachota kijiko, akatafuna, akaitikia kwa kichwa kwamba yanalika. Nikaonja kidogo pembeni, nikatema. Uso wake haukubadilika hata kidogo.

"Mama, wewe husikii harufu?"

Aliweka sufuria chini. "Wala ladha. Tangu yale mafua ya masika. Nilidhani yataisha."

"Sasa mbona hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mpika mbege hana ulimi? Primus angenitangaza mpaka Marangu. Afadhali waseme mchawi, mchawi huwa wanamwogopa, ila wanarudi."

"Hawarudi, mama."

"Nimeona."

Nilimtazama vizuri. Moyo mmoja uliniambia ni kweli. Mwingine ukaniambia huyu alijua unamchunguza, akaacha maharage yaungue ili uone. Sikujua nishike upi. Alichukua ule ungo wake, akaupeleka mwanga ulipo, akaurudisha tena magotini bila kupepeta.

"Kesho nachanganya mbege nyingine," alisema. "Wasipokuja na hii, nafunga, niende kukaa chumba cha Kornel kule Pasua, Moshi, nimlee mjukuu kama mgeni. Njoo asubuhi, kabla Gladness hajatoka kwake. Uonje ule uji wa ulezi nikishatia msesewe, uniambie uchungu umefika au bado. Funda moja tu."

Nilitazama chini. Jovin alikuwa ananyonya, mkono wake umeshika kitenge changu.

"Mtoto mwache kwa bibi yake, kama unaniogopa. Naona unavyomficha, sina neno," akasema. "Ila wewe uje."