Viti vya sherehe ya wakunga

Leo Nunguni nimepiga makofi, na mpaka sasa naona haya.

Ilikuwa sherehe ya kuwapongeza wakunga. Sista Mwende, mkunga wa zahanati yetu, alipewa kipaza sauti wanasiasa wote walipomaliza.

"Waheshimiwa, sitaki cheti. Nataka ambulensi ibebe wagonjwa pekee."

Makofi! Mheshimiwa mbunge wetu ndiye alipiga zaidi.

Kabla aketi, simu ikaingia: mama mjamzito anavuja damu huko Kilungu.

Sista akakimbilia ambulensi, akafungua mlango. "Kitanda kiko wapi?"

"Tulikiacha kanisani, Sista," dereva akasema. "Hivi viti mnakalia vingeingia wapi?"

Wakaenda hivyo hivyo. Mama alijifungulia kwa sakafu ya gari, njiani kwenda hospitali. Mtoto hakulia.

Jioni ambulensi imerudisha viti kanisani. Hakuna hata kimoja kimevunjika.

Nyinyi mliokalia viti hivyo pamoja nami, semeni kitu.