Masizi, Mkung'uta Mifuko

Basi safi unalopanda wewe limechafua mapafu ya nani?

Nakuuliza wewe unayesoma, maana wenye kiwanda nimeshawauliza wakanitazama kama mtu aliyekosea mlango. Jibu ninalo la mapafu mawili tu, ya mjomba wangu, kaka yake mama. Wenzake kazini walimpa jina la Masizi, likamganda mpaka mkewe naye akalizoea. Sitamremba. Ni mbishi, mcheshi, anapenda sifa kama mtoto anavyopenda sukari, na kunyamaza hajui. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyomponza.

Kiwanda chao kinatengeneza betri za mabasi ya umeme. Ukutani kwa nje wamechora jani kubwa la kijani. Ndani, betri inaanza na unga mweusi ambao chembe zake ni ndogo mno: ukitaka kuzipanga mstari mmoja uvuke upana wa unywele wako, utahitaji zaidi ya elfu. Hiyo ndiyo teknolojia ya nano, kuvifanyia kazi vitu vidogo kiasi hicho. Unga ukichanganywa na gundi, ukapakwa kwenye karatasi nyembamba ya shaba, umeme unapata njia nyingi za kuingia na kutoka. Betri inajaa upesi, basi linapanda mlima bila kutoa moshi hata kidogo. Nimesoma kemia chuoni, na jambo hili nalipenda mpaka leo. Anayetaka turudi kwenye dizeli asinifanye mimi shahidi wake.

Lakini unga unapomiminwa kwenye mtambo wa kuchanganyia, sehemu yake hupaa. Juu ya mtambo kuna bomba linalonyonya hewa na kuipitisha kwenye mifuko ya kitambaa, mirefu kama suruali ya jitu. Mifuko ndiyo inayonasa unga. Ikijaa inatakiwa itupwe, iwekwe mipya. Pale kiwandani hawakuitupa. Waliitoa, wakaitundika kwenye kichumba cha nyuma chenye feni moja mbovu, na mtu akaikung'uta kwa fimbo kama anayetoa vumbi kwenye godoro. Mtu huyo alikuwa mjomba.

Aliipenda kazi yake. Ukipiga kwa hasira, kitambaa kinachanika. Ukibembeleza, unga unabaki kwenye nyuzi. "Hii haitaki nguvu," alikuwa akituambia mezani, huku akitikisa kijiko hewani, "inataka adabu."

"Adabu uitumie na kwenye mchuzi," mkewe alikuwa akimjibu. "Unanirushia."

Huyo mkewe mimi namwita mama tu, maana ndiye aliyenilea nilipohamia kwao kusoma.

Kazi ile ilikuwa na kanuni yake. Unavaa barakoa, unapiga, unaacha, unasubiri wingu jeusi litulie. Ukiiona tena balbu ya upande wa pili wa chumba, unavua barakoa na kupumua. Msimamizi alimfundisha mjomba hivyo, na mjomba akawafundisha wenzake. Balbu ikionekana, hewa ni safi. Na hapo ndipo walipokosea wote, kwa sababu kinachotulia haraka ni madonge mazito. Chembe zenyewe zinabaki zinaelea, jicho halizioni, na ndizo zinazoshuka mpaka chini kabisa ya pafu. Walijiziba kwa ajili ya vumbi la kupiga chafya, wakajifunua kwa ajili ya vumbi la kuua.

Nilimwambia siku ile ile aliponieleza.

"Mjomba, usichokiona ndicho kinachoingia ndani."

"Sasa nisichokiona nitakivalia barakoa mpaka lini? Mpaka kitandani? Mke wangu atanifukuza."

"Nakwambia kweli."

"Na mimi nakwambia kweli, mpwa wangu. Nyie wasomi mnaogopa mpaka hewa."

Kikohozi kilianza kama mzaha. Kikahamia kwenye ngazi, kikahamia kitandani, mwisho akawa hawezi kumaliza hadithi zake, na hapo ndipo mama aliposhtuka kweli. Hospitali wakampiga picha ya kifua. Uvimbe, pafu la kulia. Dawa za kawaida za saratani zingemmaliza yeye kabla ya kuumaliza uvimbe. Figo zake hazikuwa nzuri, na daktari wa kwanza alitwambia hivyo bila kuzunguka. Lakini hospitali hiyo hiyo, akasema, ilikuwa ikijaribu dawa mpya.

Nilipomsikia anaieleza, niliitambua. Dawa imefungwa ndani ya chembe ndogo kama zile zile za betri. Inadungwa kwenye mshipa, inasafiri na damu, inapenya kwenye uvimbe na kuachia ukali wake huko huko, mwili mwingine ukasalimika. Tulifundishwa haya chuoni kama mambo ya kesho, na kesho yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, mlango wa mwisho kushoto. Kilichobaki ni mjomba kuhojiwa na kukubaliwa. Akikubaliwa, ana nafasi ya kuishi. Asipokubaliwa, hana.

Tulikaa kwenye benchi la korido, mjomba katikati, mama kulia, mimi kushoto. Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mwanamke mmoja, mshonaji wa nguo, mwenye ulimi mwepesi.

"Kaka, wewe unafanya kazi gani?" akamuuliza mjomba.

"Betri za mabasi. Nakung'uta mifuko ya unga. Unga laini kuliko poda ya mtoto."

Mshonaji akageuka mzima mzima, akashusha sauti. "Humo ndani wanaulizia vumbi. Jirani yangu alikuwa anakata mawe, kasema ukweli, karudishwa siku hiyo hiyo. Wewe sema mlinzi."

"Mlinzi?"

"Mlinzi, mtunza bustani, chochote. Mlinzi anakaa nje anakula upepo."

Mama akamshika mkono. "Baba, msikilize dada."

"Mabasi yote yale yanayopita barabarani, kila betri imepitia mikononi mwangu, leo niseme nilikuwa nafungua geti?"

"Sifa utazila?"

"Sijasema nitazila."

"Basi zimeze, ukaseme mlinzi."

Mimi nami nikamwambia aseme mlinzi. Ndiyo, mimi, ninayehubiri ukweli mezani kila siku mpaka wananiambia chakula kinapoa. Sikuona aibu, na sioni. Ukweli unaomnyima mtu pumzi haukuandikwa na mtu mwenye shida ya pumzi.

Alikubali. Aliingia akiwa mlinzi, sisi wawili nyuma yake kama mashahidi wa uongo.

Daktari alikuwa dada mmoja kijana, mwenye macho ya usingizi na tabasamu zuri. Akauliza umri, akauliza maumivu. Kisha akauliza, "Mzee, kazi yako?"

"Mlinzi," mjomba akasema. Kavu. Nikamwombea.

"Wapi?"

"Kiwanda cha betri."

"Kile cha mabasi ya umeme?" Daktari akainua uso. "Hayo ndiyo napanda kila siku. Yaani nashangaa, kituoni yanachajiwa kidogo tu, yameondoka!"

Laiti angekuwa mkali. Laiti angemfokea mjomba, tungetoka salama. Lakini alimsifia mabasi yake, na kwa sifa mjomba hana mlango wala kufuli. Nilimwona anavyojaa kifua, hicho hicho kibovu.

"Unashangaa?" akasema. "Unajua kwa nini yanajaa upesi? Ni unga, daktari. Unga wenyewe lazima uwe safi, na usafi wake unaanzia kwenye mifuko. Sasa mifuko ile haipigwi ovyo..."

Mama akafumba macho. Mjomba aliendelea, na mikono juu, akaonyesha fimbo inavyoshikwa, akaonyesha wingu linavyopaa na linavyotulia, akafika mpaka kwenye balbu. Aliposhtuka, daktari alikuwa ameshaweka kalamu chini.

"Mzee," alisema taratibu, "wewe si mlinzi."

"Kidogo kidogo nalinda."

Hakucheka. Alitueleza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba alieleza vizuri na nilimwelewa. Mapafu ya mjomba yana unga tayari. Seli zinazolinda pafu zimeshajazwa unga huo na zimevurugika. Dawa ikifika zinaweza kuimeza yenyewe, au ziwake pafu lote livimbe. Na kwenye picha wasingejua chembe ipi ni ya dawa, ipi ni ya betri. Wenye vumbi laini kifuani hawaingii kwenye jaribio. Masharti hakuyaweka yeye.

"Lakini kama ugonjwa umetoka kazini," akaongeza, "kiwanda kinawajibika. Kuna tiba ya mionzi kwenye hospitali kubwa. Wakikiri, sheria inawataka wakupeleke."

Tukaenda kiwandani mchana ule ule. Afisa utumishi alitupokea kwenye chumba chenye kiyoyozi na ua la plastiki, akatukaribisha viti, akaagiza maji. Mtu mstaarabu. Nilitamani awe mshenzi ili nipate pa kuanzia.

"Vumbi?" akasema. "Kiwanda chetu hakina vumbi. Wakaguzi wanakuja, wanapima hewa, wanaondoka wameridhika."

"Wanapima kwenye kichumba cha nyuma?" nikauliza.

"Wanapima sehemu za uzalishaji."

"Daktari ameliona vumbi kwenye picha ya kifua."

"Labda la nyumbani. Mnapikia nini?"

"Gesi," mama akasema.

"Basi la barabarani."

"Barabarani kunapita mabasi yenu," nikamwambia. "Si mmesema hayana moshi?"

Akanitazama kwa huruma. "Kijana, umesoma?"

"Nimesoma."

"Ndilo tatizo."

Mjomba akasogea mbele ya kiti. "Bosi, hebu niweke sawa. Hospitali wananikataa kwa sababu nina vumbi. Wewe unanikataa kwa sababu sina vumbi. Sasa hili vumbi linaniingia nikifika hospitali na kunitoka nikifika kazini?"

Afisa akacheka, tena akacheka kwa raha. "Masizi, wewe huachi utani!"

"Siachi. Kesho niko zamu?"

"Kama unajisikia vizuri, kazi ni yako."

Jioni niligombana na watu wasiokuwa na kosa. Nilisema twende kwenye magazeti, nilisema wafanyakazi wagome, nilisema ulimwengu unaojua kutuma dawa ndani ya uvimbe mmoja haukosi akili ya kubadilisha mfuko wa kitambaa, umekosa nia. Mama aliniambia niseme taratibu, majirani. Mjomba alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nikikaa hapa nitakuwa mgonjwa. Nikienda kule ni fundi anayekohoa. Halafu kesho nitamwita yule afisa. Si hakuna vumbi? Aje asimame kwenye kile kichumba cha nyuma nikiwa napiga, bila barakoa, dakika moja tu. Mbele ya watu wote. Akitoka mweupe, nitaamini ni la nyumbani. Akitoka mweusi, anipeleke kwenye mionzi."

"Hatakuja," mama akasema.

"Atakuja. Yule anapenda utani wangu."

Asubuhi iliyofuata nilimsindikiza. Alitembea akisimama kila baada ya nyumba chache, akijifanya anasalimia watu. Getini mlinzi alituona tukiwa mbali, na kwa jinsi alivyoanza kuchezea filimbi yake nilijua.

"Mzee Masizi, shikamoo. Nimeambiwa usiingie."

"Marahaba. Na nani?"

"Ofisini. Wamesema una vumbi kifuani, unaweza kuwachafulia mitambo."

Mjomba akanigeukia taratibu. "Umesikia, mpwa? Limepatikana."

Wafanyakazi wa zamu walikuwa wanaingia. Walimpa pole, wengine walimgusa bega. Nilipaza sauti, nikawaambia wasimame, nikawaambia leo ni huyu na kesho ni wao. Wachache walipunguza mwendo. Kengele ikalia ndani, wakaingia wote.

Ndipo ikaja gari ya afisa utumishi, nyeupe, imeoshwa. Ikapiga honi. Mjomba hakusogea. Akaenda mbele yake, akaweka kiganja kwenye boneti, akainama amwone mwenyewe usoni.

"Bosi," akasema, "shuka. Dakika moja tu."

Afisa akapandisha dirisha mpaka juu.

Mjomba alitaka kusema jingine, ila kikohozi kilimkamata, kile cha kumkunja mzima, na hakuwahi hata kugeuza kichwa. Kilichotoka kilitua kwenye kioo cha mbele, mbele ya uso wa afisa. Kilikuwa cheusi kama wino.

Nilimwona afisa akikitazama. Alikitazama kwa muda, wala hawezi kuniambia hakukiona. Kisha akanyoosha mkono akawasha waipa. Zikaenda, zikarudi, zikaupaka ule weusi kioo kizima. Akapiga tena honi, na mlinzi akamshika mjomba mkono akamweka pembeni, akafungua geti.