Kimashine cha Vyombo na Mama Mkwe

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mzungu aliyekuwa akihama Dodoma alituuzia kimashine cha kuoshea vyombo, kidogo kama kreti la soda. Kilienea kwenye jiko letu finyu mtaani Kikuyu, hapo hapo Dodoma. Mama mkwe akaja kutoka Mpwapwa, nikajua leo naitwa mvivu.

"Hicho kinafanya nini?"

"Kinaosha vyombo, mama."

Akavuta kigoda, akakilinda mpaka kikanyamaza. Akatoa sahani, akainusa, akaipitishia kidole gumba.

"Haya, kaa. Tangu uolewe, kila nikianza kukueleza jambo unakimbilia karai la vyombo."

Nikakaa. Akanieleza alivyomzaa mume wangu wakati wa njaa, kisha jinsi ninavyoharibu mboga ya mlenda.

Kimashine kilikufa upesi, naye mama tulishamzika. Nawashukuru wote wawili.